Video haitoshi kwenye DVD? Msitupe diski

Familia nyingi hapa kambini zinataka video ya harusi au ya mazishi iwekwe kwenye DVD, ili ndugu walio mbali nao waione. Mara kompyuta inagoma: faili ni kubwa mno. Diski si mbovu.

Shida ni hesabu. Kasha linasema GB 4.7, ila kiwandani GB moja ni baiti bilioni 1. Kompyuta nyingi huhesabu 1,024 × 1,024 × 1,024, kwa hiyo diski hiyo hiyo inasomeka kama 4.37 tu. Faili la ISO, yaani diski nzima iliyofungwa ndani ya faili moja, likisomeka 4.5 haliingii.

Tufanyeje basi? Tazameni ukubwa kabla ya kuchoma, maana DVD-R ikishaandikwa haifutiki. Msikate ISO vipandevipande, haitacheza. Toeni video iliyomo, mpunguze ukubwa wake kwa programu, au mgawe sherehe kwenye diski mbili. Diski ya tabaka mbili inabeba karibu 7.9, ila mashine ya kuchomea iwe inaikubali.

Tena, msifute video ya kwenye simu mpaka diski imechezwa hadi mwisho. Sauti ya bibi aliyetutoka hairekodiwi mara ya pili. Mkikwama, tuleteeni darasani, tutaangalia pamoja.