Sura ya Nne: Msemaji Si Chawa

Kila uchaguzi ukikaribia nakutana na imani mbili. Ya kwanza: msemaji wa mwanasiasa ni mwongo wa mshahara. Ya pili: kura huletwa na mganga. Siku hizi mganga huyo anajiita mtaalamu wa mitandao. Anauza kiki, na machawa ndio hirizi zake. Upuuzi ni uleule, bei tu imepanda.

Nimepanga kueleza mambo matatu: msemaji hutoka wapi, hufanya nini, huishia wapi. La kwanza ni jepesi. Wengi hutoka chumba cha habari. Benjamin Mkapa alikuwa mhariri kabla ya kuwa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere mwaka 1974. James Hagerty aliandikia New York Times, kisha akamsemea Thomas Dewey, aliyeshindwa urais wa Marekani mwaka 1944 na 1948. Ushindi aliuonja mwaka 1952, kwenye kampeni ya Eisenhower.

La pili, kazi ya msemaji, linatupeleka Denver, Marekani, Septemba 24, 1955. Eisenhower, sasa rais, anaugua ghafla; msemaji wake, Hagerty, yuko likizo. Msaidizi wa Hagerty anawaambia waandishi kwamba ni tumbo tu. Baadaye siku hiyo ukweli unatoka: ni moyo. Jumatatu soko la hisa la New York likaporomoka. Hagerty, aliyekwisha kufika, akafungulia taarifa: mapigo ya moyo, chakula, usingizi. Daktari bingwa Paul Dudley White alieleza mpaka rais alivyokwenda choo. Watu walicheka, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mwandishi aliyepewa habari za choo hana haja ya kubuni za jeneza. Mwaka uliofuata Eisenhower aligombea tena, akashinda.

Uongo nao ulijaribiwa. Mei 1960 serikali hiyohiyo ilidai kwamba ndege yake ya ujasusi iliyopotea Usovieti ilikuwa ya kupima hali ya hewa. Kiongozi wa Usovieti, Khrushchev, akatangaza kwamba anaye rubani, tena mzima. Hapo hakuna msemaji anayeweza kukuokoa.

Denver imekula nafasi ya jambo la tatu, kwa hiyo kwa ufupi: Hagerty aliishia kuwa bosi katika televisheni ya ABC; Mkapa, Rais wa Tanzania, mwaka 1995.

Mgombea anayetafuta msemaji asihesabu wafuasi wa msemaji huyo mtandaoni. Amuulize ni habari gani mbaya aliyowahi kumpelekea bosi wake kabla waandishi hawajaipata. Asiye na jibu ni chawa.