Dadu, Kete na Tarakilishi: Kujifunza Bakigamoni Mtandaoni

Mchezaji wa bao la Kiswahili akishindwa hana wa kumlaumu isipokuwa nafsi yake. Kete zote 64 zinajulikana zilipo, wala hakuna kinachorushwa. Bakigamoni, mchezo ambao Waturuki huuita tavla na Wamisri tawla, una tabia nyingine. Humo mna dadu mbili, na dadu haziamriki. Kwa hivyo, anayejifunza mchezo huu mtandaoni hukabiliwa na swali gumu kila ashindwapo: je, ni bahati mbaya au ni kosa lake mwenyewe?

Ubao wa bakigamoni una pembetatu 24, zilizogawanywa katika mafungu manne ya sita sita. Kila mchezaji ana kete 15, naye huzisogeza kuelekea robo yake ya nyumbani, kinyume na mwelekeo wa mwenzake. Zikishafika zote huko, huanza kuziondoa ubaoni, na anayetangulia kumaliza ndiye mshindi. (Neno kete halina taabu hapa, lilikwisha kuhama kitambo kutoka kwa kauri ya baharini hadi kwa chochote cha kuchezea.) Kete iliyokaa peke yake yaweza kupigwa na mpinzani; hapo huwekwa kwenye ukingo ulio katikati ya ubao, na sharti iingie upya kutoka mwanzo wa safari. Kete mbili au zaidi zikikaa pamoja, mpinzani hawezi kukanyaga hapo. Aidha, dadu zikitoa namba sawa, namba hiyo huchezwa mara nne.

Mtandaoni, tarakilishi ndiyo inayorusha dadu na kukataa hatua zisizo halali. Seva ya kwanza ya mchezo huu kwenye intaneti, FIBS, ilianzishwa na Andreas Schneider mnamo mwaka wa 1992. Tangu hapo mwanagenzi hahitaji tena kumsaka mwenzake mkahawani. Mpinzani hupatikana saa yoyote, na michezo huenda kwa kasi. Kasi hiyo huzaa shutuma iliyozoeleka, kwamba dadu za mtandaoni zimepangwa. Wanaoshutumu husahau wingi wa mitupo. Sita mbili hutarajiwa mara moja katika mitupo 36. Basi anayeshuhudia mitupo 360 kwa jioni moja asistaajabu kuziona mara 10 hivi. Kinachokumbukwa ni zile zilizomwangamiza, si zile zilizomwokoa.

Hesabu ndiyo inayotenga bahati na kosa. Dadu mbili zina matokeo 36. Kete ya pekee iliyo hatua sita mbele ya adui hupigwa na matokeo 17, yaani karibu nusu. Ikiwa hatua saba, hupigwa na matokeo 6 tu, yaani sudusi. Mwanafunzi aliyeiacha kete yake hatua sita ilhali angaliweza kuiweka hatua saba bila ya hasara nyingine, kisha akapigwa, hakuonewa na dadu.

Programu za uchambuzi, kama vile GNU Backgammon isiyolipiwa, huufanya upimaji huo kwa kila hatua ya mchezo uliokwisha. Huonyesha hatua ipi ilikuwa bora na mchezaji amepoteza kiasi gani kwa kutoichagua. Hukumu hii haitazami nani alishinda. Mnamo Julai 1979, huko Monte Carlo, programu ya Hans Berliner iitwayo BKG 9.8 ilimshinda bingwa wa dunia, Luigi Villa, kwa 7 kwa 1. Berliner alipoichambua michezo hiyo baadaye, alikiri kwamba Villa ndiye aliyecheza vizuri zaidi. Dadu tu ziliipendelea programu. Uungwana wa namna hiyo ni adimu kwa washindi.

Programu za sasa zinastahili kuaminiwa zaidi kwa sababu ya namna zilivyofunzwa. Mapema katika miaka ya 1990, Gerald Tesauro wa IBM alitengeneza TD-Gammon, iliyojifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Toleo mojawapo lilicheza michezo milioni 1.5. Programu hiyo haikuishia kuwaiga mabingwa, bali iliwasahihisha. Kwa mfano, mchezaji akianza kwa nne na moja, desturi ya wengi ilikuwa kutumia ile moja kuiweka kete ya pekee kwenye pembetatu ya tano ya nyumbani, kwa tamaa ya kupateka mahali hapo baadaye. TD-Gammon iliitumia moja hiyo kuisogeza kete mojawapo ya zile mbili za nyuma kabisa. Mabingwa waliipima hatua hiyo, wakaiona inafaa, na ile desturi ya zamani ikaachwa. Mwanagenzi wa leo huikuta tayari katika mafunzo yake ya siku ya kwanza.