Usiiuze kwa Kilo

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika kwangu Mabamba, wilayani Kibondo, asubuhi moja ya kiangazi, mizani yake ya kuning'iniza ikiwa imefungwa nyuma ya baiskeli. Alisalimia kwa adabu, "Mwakeye, mzee," akazungusha macho uani, akaiona nyuma ya banda la mbuzi. Yamaha AG100. Tangi limejaa kutu, kiti kimeliwa na panya, kuku anatagia kwenye keria ya mbele. Akaniuliza bei. Nikamwambia haiuzwi. Akasema, "Mzee, hii haiwaki tena. Tuipime kwa kilo, nikupe chako." Nilimpa maji ya kunywa akaenda zake, lakini usiku ule sikulala vizuri. Pikipiki ile ilinibeba miaka 14 ya kazi, nami nilikuwa nimeitelekeza mpaka mgeni akaiona ni uzito tu.

Mimi ni bwana afya mstaafu. Mpango wa Chanjo wa nchi yetu, Tanzania, ulianza mwaka 1975, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa kuyafikisha yale masanduku ya chanjo mahali ambapo gari halikufika: Mabamba, Kumsenga, Itaba, na vitongoji vyake vilivyotawanyika juu ya vilima. Pikipiki za tarafa nzima tulizihesabu kwa vidole. Ya mmisionari, ya bwana shamba, yangu, na moja au mbili za wafanyabiashara. Bodaboda zilikuwa hazijazaliwa.

Chanjo ina masharti yake. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu inapotoka kwenye friji hadi inapoingia mwilini mwa mtoto. Friji yetu ilitumia mafuta ya taa, na ikitoka hapo chanjo ilisafiri kwenye kibebeo chenye vipande vya barafu, nimekifunga kwenye keria ya nyuma kwa mpira wa tyubu. Kila dakika niliyokwama matopeni ilikuwa dakika ya barafu kuyeyuka. Ndiyo maana hadi leo nikiitazama pikipiki, naanza na umbali kati ya gurudumu la mbele na madigadi yake.

Anayeujua udongo wetu mwekundu wa Kibondo na Kasulu ataelewa. Mvua zikianza mwishoni mwa Oktoba, njia inakuwa kama unga wa mhogo uliokorogwa. Tope linajibandika kwenye tairi, linapanda nalo, na madigadi ikiwa chini, gurudumu linasimama kabisa. Unabaki kuchokonoa kwa kijiti kila baada ya hatua. Pikipiki ya porini madigadi yake ya mbele imeinuliwa juu, injini iko mbali na ardhi, gia ya kwanza ni ya nguvu na si ya mbio, na tairi zina meno makubwa.

Pikipiki za namna hii zilipata umaarufu duniani mwaka 1968, Yamaha ya Japani ilipoleta DT-1 ya cc 250, nyepesi, inayokwenda barabarani na vichakani vilevile. Wadogo zake wakafuata, wa cc 125 na cc 100. Honda nao wakaleta XL125, yenye injini ya mipigo minne. AG100 yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji na wakulima wa nchi kama Australia na New Zealand. Herufi AG zimetokana na neno la Kiingereza la kilimo. Injini yake ina cc 97 tu. Lakini itazame ilivyofikiriwa! Cheni imefunikwa yote ndani ya boksi, haioni tope wala vumbi. Keria ipo mbele na ipo nyuma. Stendi ya pembeni ipo kushoto na ipo kulia, ili ukisimama kwenye mteremko usimlazimishe mtu mwingine kuishikilia. Aliyeibuni ile stendi ya pili alikuwa ameishi vilimani, sina shaka.

Kisha ukaja mwaka 1993. Tarehe 21 Oktoba Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na baada ya siku chache watu wakaanza kuvuka kuja kwetu, wengi mno, na watoto mgongoni. Mahali penye watu waliosongamana namna ile, surua inaua kuliko risasi. Nilizunguka na AG ile usiku na mchana, mara nyingine nikilala chini ya mwembe nimekikumbatia kibebeo. Zikajengwa kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago, mashirika ya misaada yakafika, na pamoja nayo zikafika DT125 na XL125 kwa wingi ambao Kibondo haikuwahi kuuona. Ni miaka ile vijana wetu walipojifunza ufundi, maana kila jioni palikuwa na injini iliyofunguliwa juu ya gunia. Kambi zilipokuja kufungwa katika miaka ya 2000, nyingi ya pikipiki zile ziliuzwa mnadani. Mimi nilipostaafu niliinunua yangu kwa njia hiyohiyo, tayari imeandikwa kuwa mali chakavu.

Iliuawa na petroli tupu. Injini ya mipigo miwili, ile mafundi wanayoiita tustroki, haina oili chini ya kuilainisha pistoni kama Boxer au TVS za leo. Oili yake inaungua pamoja na mafuta. AG ilikuja na pampu ndogo inayochota oili kwenye kitangi chake, lakini pampu ya kwangu ilikwisha zamani, tukaiziba, nikawa nachanganya kwa mkono: lita 20 za petroli kwa lita moja ya oili. Mpwa wangu, aliyezoea bodaboda, aliiazima kwenda shambani, mafuta yakamwishia, akajaza petroli bila oili. Hakufika mbali. Pistoni ilipata moto, ikavimba, ikang'ang'ania ndani ya silinda. Simlaumu, hakuna aliyemwambia, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Niliisukuma hadi nyuma ya banda nikasema nitaishughulikia wiki ijayo. Wiki ile ilichukua miaka kumi na ushei.

Siku ya pili baada ya yule mnunuzi kuondoka nilimwita kijana mmoja fundi wa bodaboda pale sokoni. Alipoiona alicheka kidogo kwa furaha, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya babu yake. "Babu, hii sijawahi kuifungua," akaniambia. Nikamjibu, "Tutaifungua wote, mwanangu."

Tulianza kwa kutoa plagi na kumimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye tundu lake, tukaiacha siku nane. Haraka ndiyo inayovunja vitu. Siku ya tisa tuliingiza gia ya tatu, tukawa tunaisukuma pikipiki mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka tukasikia kitu kimeachia ndani. Silinda ilipofunguliwa ilikuwa na mikwaruzo kama mtu aliyeparuliwa na paka. Ilihitaji kuchongwa ipanuliwe na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Silinda ya AG ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 52, na pistoni za ziada huongezeka kwa robo milimita: 52.25, 52.50, 52.75, mwisho 53.

Hapa tulipata hasara ambayo nataka msomaji aiepuke. Niliipeleka silinda mjini kwa fundi wa mashine ya kuchonga kabla sijapata pistoni. Aliichonga kwa kukisia, ikapita kipimo, tukajikuta tumeruka saizi nzima. Kwa bahati nzuri pistoni ya 52.75 ilipatikana kupitia mfanyabiashara mmoja anayevuka mpaka, maana upande wa Burundi AG bado zinatembea na vipuri vyake vipo. Kanuni ni hii: shika pistoni mkononi kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Mwanya kati ya hivyo viwili ni mwembamba kuliko unywele, haukisiwi kwa jicho.

Kitu cha pili, ambacho hata mafundi wazuri wa bodaboda hawakijui, ni zile sili mbili za mpira kwenye ncha za krenki. Katika injini ya mipigo minne sili ikichoka, oili inavuja na unaiona chini. Katika tustroki, chumba cha krenki ndicho kinachovuta hewa na petroli na kuvisukuma juu. Sili ikikauka, injini inavuta hewa tupu pembeni, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, na pistoni yako mpya inakufa kifo cha ile ya zamani. Kwa nje huoni kitu. Pikipiki iliyolala miaka kumi sili zake zimekuwa ngumu kama gome. Zibadilishe hata kama zinaonekana nzima.

Tangi tulilisafisha kwa kokoto ndogo na maji ya ndimu. Unatia, unaziba, unatikisa, unaacha hadi kesho yake, unarudia. Kutu ilitoka kama chai ya rangi. Ekzosi ilikuwa imejaa masizi ya miaka yote ile, tukaiweka juu ya mkaa mpaka ikawa nyekundu, ikapoa, tukaigonga, yakamwagika masizi ya kujaza kopo. Wengi huiona tustroki imeishiwa nguvu wakadhani ni injini, kumbe ni ekzosi iliyoziba.

Tulibishana juu ya kabureta. Kijana alitaka tufunge ya bodaboda, mpya, ya bei nafuu, inayopatikana palepale sokoni. Nilikataa. Kabureta ile ina jeti zilizopimwa kwa injini ya mipigo minne; ukiifunga huku injini itawaka, hata itakimbia, lakini hutajua inakunywa petroli kidogo kiasi gani mpaka iungue. Tuliilowesha ya zamani kwenye petroli siku mbili, tukapuliza kila tundu kwa pampu ya baiskeli. Kwenye tairi, cheni na nyaya za klachi nilimwachia afunge alichopata. Najua wako watu Ulaya na Marekani wanaotafuta hadi stika ya mwaka uleule, na nawaheshimu. Mimi nataka ipande kilima cha kwenda shambani.

Ilipowaka, kwa kiki ya sita, moshi wa buluu ulijaa uani na harufu ile ya oili ikanirudisha kwenye barabara ya mwaka 1993. Mlio wake si dudududu la bodaboda. Unapiga mwembamba na mkali, unasikika kilima cha pili. Jirani yangu mmoja, mama mwenye wajukuu sasa, alitoka nje na mwiko mkononi. "Baba, hiyo si pikipiki ya sindano?" akauliza. Akatuambia kwamba alipokuwa mtoto, wakiusikia mlio ule walikimbilia migombani, na mama yake akiwafuata na fimbo kuwarudisha kwenye foleni. Akaifunua kanga begani akaonyesha kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu. Tulicheka wote, na mimi nilitokwa na machozi.

Kuna shirika liitwalo Riders for Health, lililoanzishwa na Waingereza Barry na Andrea Coleman pamoja na Randy Mamola, Mmarekani aliyekuwa mwendeshaji maarufu wa mashindano ya pikipiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuta nchini Somalia pikipiki za huduma za afya zimetupwa zikiwa bado changa, zimekufa kwa kukosa matunzo madogo tu. Wakaamua kufundisha watumishi wa afya Afrika kuzikagua pikipiki zao kila siku, na AG100 ni miongoni mwa walizozitumia. Nilipolisikia hilo nilifurahi, kwa sababu mzee aliyenifundisha kazi alinilazimisha kufanya vivyo hivyo kila alfajiri: upepo wa tairi, spoki, cheni, oili, breki, nati moja moja. Alikuwa hajamsikia Mwingereza yeyote.

Sasa neno kwa msomaji. Kama nyuma ya nyumba yako imelala AG, DT au XL, hata kama haijawaka tangu kambi zifungwe, itoe hapo, mvua isiinyeshee. Mwaga petroli yote iliyobaki kwenye tangi na kabureta. Toa plagi, mimina oili kijiko kimoja, rudisha plagi, na sukuma kiki taratibu kwa mkono mara moja kwa wiki ili pistoni isigande. Inua magurudumu juu ya matofali. Hayo hayagharimu hata bei ya soda mbili.

Kijana na mimi tumeanza ya pili, DT125 ya marehemu bwana shamba, ambayo familia yake ilituletea ikiwa haina silinda. Tunaitafuta. Mwenye nayo Kibondo, Kasulu au Kakonko asiiweke kwenye mizani ya chuma chakavu. Ailete Mabamba, tutampa bei ya kipuri.