Mitaro ya Kukinga Maji Kwenye Malundo ya Vifusi

Lundo la kifusi cha mgodi, yale mawe na udongo ambayo wachimbaji wa Geita huyaita magwangala, huonekana kuwa limetulia. Maji ndiyo huliondolea utulivu huo. Yakiingia ndani huongeza uzito na kuulegeza udongo. Yakipita juu huchimba makorongo na kubeba tope hadi mashambani. Kijijini Aberfan, nchini Wales, lundo la kifusi cha makaa ya mawe lililoanzishwa mwaka 1958 juu ya chemchemi liliporomoka tarehe 21 Oktoba, 1966, likaua watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Mtaro wa kwanza kwa umuhimu ni ule wa upande wa juu, ambao huyapokea maji ya mlimani kabla hayajaligusa lundo na kuyapitisha kando. Yafaa uchimbwe kabla kifusi cha kwanza hakijamwagwa.

Ukubwa wake usikadiriwe kwa macho. Tuseme eneo linaloteremsha maji ni hekta moja, na mvua kubwa ya mahali hapo yaweza kufikia milimita 60 kwa saa. Iwapo ardhi hainywi chochote, maji yatakuwa mita za ujazo 600 kwa saa, yaani lita 167 hivi kwa sekunde. Mtaro wa udongo wenye kitako cha sentimita 30, kina cha maji cha sentimita 30, na kingo zinazopanuka hadi sentimita 90 kwenye uso wa maji, utayachukua yakienda mita moja kwa sekunde. Mteremko wa sentimita 75 katika kila mita 100 huleta mwendo huo, nao hupimika kwa mpira mwembamba uliojazwa maji. Juu yake ziongezwe sentimita 20 za akiba. Mteremko ukizidi sana, maji hula kitako, na hapo hakuna budi kutandika mawe. Ukipungua, tope hutuama na mtaro huziba.

Maji yanayotoka kwenye lundo lenyewe yasichanganywe na hayo ya mlimani, kwani baadhi ya mawe hutoa tindikali yakikutana na hewa na maji. Yaelekezwe kwenye bwawa la kutuliza tope.

Halmashauri ya chama ipange zamu za kuzibua mitaro kabla ya masika na baada ya kila mvua kubwa. Lakini ikionekana chemchemi chini ya mahali palipokusudiwa, mtaro wa juu hausaidii kitu: kifusi kitafutiwe mahali pengine.