Utangulizi: Kutenganisha Hewa na Vumbi la Mbao

Fundi anayepasua ubao wa mninga kwa msumeno wa meza anazalisha vumbi la namna mbili kwa wakati mmoja. La kwanza analiona: ni punje na maranda yanayoanguka miguuni na kufagiliwa jioni. La pili halionekani mpaka mwali wa jua upenye kwenye tundu la bati, nalo hubaki likielea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Elimu ambayo kurasa hizi zinamkaribisha msomaji inaanzia kwenye tofauti hiyo. Inauliza chembe ya ukubwa fulani inakwenda wapi, inabebwa na nini, na inakamatwaje kabla ya kufika kwenye pafu la mtu.

Mlango tutakaoingilia ni saikloni, chombo ambacho fundi anaweza kujitengenezea kwenye banda lake. Ni silinda iliyokaa juu ya koni iliyoelekea chini, na chini ya koni kuna pipa. Hakina kipande hata kimoja kinachozunguka, lakini anayekielewa vizuri amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya somo lenyewe.

Uzito wa somo hili ulidhihirika High Wycombe, mji wa Uingereza ulioishi kwa kutengeneza viti na fanicha. Huko daktari wa pua na koo, Esme Hadfield, aligundua kwamba saratani ya pua iliyo nadra sana kwingineko ilikuwa ikiwapata mafundi fanicha mara kwa mara. Mwaka 1968 yeye na wenzake, akiwemo Donald Acheson, walichapisha ushahidi huo, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Hapa kwetu, Larama Rongo na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu vumbi na dalili za njia ya hewa kwa wafanyakazi wa viwanda vidogo vya mbao Tanzania. Tena mafundi wa mvule na mpingo hawahitaji kuambiwa kwamba vumbi la miti hiyo huwasha ngozi na kubana kifua.

Saikloni yenyewe ni kongwe kuliko tahadhari hizo. John Finch wa Jackson, Michigan, alipata hataza ya chombo cha kukusanyia vumbi mwaka 1885, kikatumika katika vinu vya unga kabla ya kuzoeleka juu ya mapaa ya viwanda vya mbao. Mwaka 1951 mhandisi Mwingereza, C. J. Stairmand, alichapisha vipimo ambavyo wahandisi wanavitumia mpaka leo. Uzuri wa vipimo vyake ni kwamba vyote vinatokana na kipimo kimoja, yaani kipenyo cha silinda. Ukishachagua hicho, vingine vyote vimepatikana.

Hebu tuingie ndani ya chombo. Hewa yenye vumbi, ikivutwa na feni, inaingia ubavuni, ikiambaa ukuta wa silinda, na kulazimika kuzunguka. Anayepepeta mchele kwa ungo anategemea uzito: punje inarudi chini, pumba inachukuliwa na upepo. Saikloni hufanya kazi hiyohiyo, ila inaongeza uzito. Hewa ikizunguka kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde ndani ya silinda yenye nusukipenyo cha sentimita 15, chembe inasukumwa kuelekea ukutani kwa nguvu ya takriban mara 150 ya uzito wake. Ikifika ukutani inateremka kwenye koni hadi pipani. Hewa nayo, ikikaribia ncha ya koni, inageuka na kupanda katikati, ikatokea kwenye bomba la juu.

Tuchukue kipenyo cha sentimita 30. Kwa vipimo vya Stairmand, silinda inakuwa na urefu wa sentimita 45 na koni sentimita 75. Mlango wa hewa ni mstatili wa sentimita 15 kwa 6. Bomba la kutolea hewa lina kipenyo cha sentimita 15 na linashuka ndani sentimita 15, hadi usawa wa chini wa mlango, ili hewa inayoingia isikimbilie moja kwa moja kwenye njia ya kutokea. Tundu la kudondoshea vumbi lina kipenyo cha sentimita 11.25.

Koni ndiyo inayowatisha wengi, lakini kwa fundi bati wa Kamukunji au Gerezani ni kazi ya kawaida. Kwenye bati bapa, weka kitovu kimoja na uchore matao mawili: moja la nusukipenyo cha sentimita 120.9, jingine la sentimita 45.3. Kata kipande chenye pembe ya nyuzi 44.7, ukiacha ziada ya kukunjia mshono. Ukikikunja, tao kubwa linakuwa mdomo wa juu na tao dogo linakuwa tundu la chini. Mshono upigwe kwa nje, kwa sababu ukingo unaochomoza ndani hulirudisha hewani vumbi lililokwisha kutulia ukutani.

Baada ya kuchora vizuri, jambo linaloamua kama chombo kitafanya kazi ni pipa. Katikati ya mzunguko pana mvuto mkubwa kuliko pembeni, na mvuto huo unafika mpaka chini. Mfuniko wa pipa ukivuja hata kidogo, hewa ya nje itapenya, itapanda kwa kasi kupitia tundu la koni, na kuondoka na vumbi lililokwisha kukamatwa. Ziba kila kiungo kwa mpira au silikoni. Pipa nalo liwe gumu, kwani ndoo nyembamba ya plastiki hubonyea feni inapovuta na tundu la hewa likiziba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote. Chembe ikipungua kipenyo mara kumi, uzito wake unapungua mara elfu, lakini nguvu ya hewa ya kuishika inapungua mara kumi tu. Ndiyo maana maranda hayana njia ya kuponyoka, ilhali vumbi laini la msasa, hasa lililo chini ya mikromita 10, kwa sehemu linaondoka na hewa. Basi lile linaloumiza pafu zaidi ndilo ambalo saikloni inalikamata kwa shida zaidi. Nyuma yake lazima kuwe na kichujio, au hewa itolewe nje mbali na watu.

Je, saikloni ina faida gani basi? Inaokoa kichujio. Bila hiyo, maranda yanaziba kitambaa kwa muda mfupi, mkondo wa hewa unadhoofika, na vumbi linabaki pale lilipozaliwa, mbele ya uso wa fundi. Saikloni inalinda mkondo, na mkondo ndio unaomlinda mtu. Anayeelewa hivyo ataacha kuhukumu kazi yake kwa wingi wa maranda pipani.

Kutoka hapo njia za somo zinaachana. Iko ya uvutaji: mbele ya mdomo wa bomba, kwa umbali sawa na kipenyo chake, kasi ya hewa imebaki takriban sehemu moja ya kumi, kwa hiyo mdomo huo uwekwe karibu kabisa na meno ya msumeno. Iko ya feni na mabomba: bomba la milimita 100 linahitaji hewa ya takriban mita za ujazo 565 kwa saa ili maranda yabebwe kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na mashine ndogo ya kufagilia zulia haiwezi kufikisha kiasi hicho. Na iko ya moto: cheche ya msumari uliokatwa inaweza kufukuta pipani usiku kucha, hivyo pipa limwagwe kila jioni, na vyuma visisagwe kamwe kwenye mfumo huohuo.

Kila njia kati ya hizo inamhitaji mtu wa hesabu na mtu wa mikono, na mara nyingi ni mtu mmoja. Kwa hiyo nashauri mwanafunzi aanze na mizani. Pima vumbi la pipani, kisha pima lililokwama kwenye kichujio. Ukikuta kilo 9.8 pipani na gramu 200 kwenye kichujio, saikloni yako imekamata asilimia 98, na una haki ya kufurahi. Kisha zichunguze zile gramu 200, kwa sababu ndizo zilizokuwa njiani kuelekea kifuani mwa fundi, na elimu hii ipo kwa ajili yake.