Urafiki wa chuoni: Ukaribu huuanzisha, uaminifu huudumisha

MWANAFUNZI anapowasili chuoni kwa mara ya kwanza hukutana na mamia ya sura ngeni. Muhula mmoja baadaye, wachache kati ya hao huwa ndugu zake wa kula, kusoma na kuuguzana. Je, ni nini huwafanya wawe marafiki wa kweli?

Jambo la kwanza ni ukaribu. Mwaka 1950, Leon Festinger na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu makazi ya wanafunzi waliooa katika chuo cha MIT, Marekani. Walibaini kuwa urafiki ulichipua zaidi baina ya waliopakana milango.

La pili ni muda. Mwaka 2018, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kuwa huhitajika saa 50 hivi za kuwa pamoja ili kujenga urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili kujenga ule wa karibu. Saa za mazungumzo na mapumziko zilikuwa na uzito kuliko zile za darasani.

Hata hivyo, ukaribu huleta pia majaribu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhaba wa vitanda ulizaa desturi ya ‘kubebana’, yaani mwenye chumba kumhifadhi mwenzake aliyekosa. Huo ni wema mkubwa. Lakini anayebebwa asipofagia wala kuchangia sabuni, wema hugeuka mzigo.

Jaribu jingine ni fedha. Pesa za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, maarufu kama ‘boom’, zinapochelewa, mwenye akiba huombwa na wengi. Kukopa si aibu. Aibu ni kubadili njia ili usikutane na anayekudai. Rafiki mwema hutaja siku ya kulipa, na akishindwa husema kabla ya kuulizwa.

Masomo nayo hupima urafiki. Anayempa mwenzake kazi ainakili yote hamsaidii, bali humsindikiza kwenye kufeli. Anayemsaidia ni yule anayeketi naye usiku na kumwelekeza, hata kama atanuniwa.

Wahenga walinena kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Chuoni dhiki haikawii kufika. Kabla ya kuuliza nani atakufaa, jiulize kwanza wewe umemfaa nani.