Treni Inayokatika Pegnitz

Mwezi Machi kijana mmoja wa idara yetu alibisha hodi ofisini kwangu, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kukopa. Ikisiri yake ilikuwa imekubaliwa Bayreuth. "Dada," akasema, "nibebe nini?"

Bayreuth ni mji mdogo wa jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Wapenzi wa muziki wa opera wanaujua kwa sababu ya Richard Wagner, aliyejenga jumba lake la maonyesho huko, likafunguliwa mwaka 1876. Sisi walimu wa Kiswahili tunaujua kwa sababu nyingine. Tangu miaka ya 1980 chuo kikuu cha mji huo kimekuwa kikiwakusanya watu wa lugha yetu kwenye kongamano, na mtu wa fani yetu akisema "naenda Bayreuth" haulizwi anakwenda kufanya nini.

Nikamwambia suti na mada aviweke kando kwanza. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya kugharimia matibabu ya euro 30,000 au zaidi. Barua ya mwaliko iseme waziwazi nani analipa nauli, nani analipa chumba, nani anakulisha. Barua inayosema tu "tunakukaribisha kwa furaha" ni nzuri kuisoma, lakini karani wa viza anatafuta kitu kingine. Na kongamano likiwa la siku tatu, usiombe siku tatu. Ndege zina mambo yake.

Hapo ndipo nilipomsimulia habari ya Pegnitz.

Safari yangu ya kwanza nilielekezwa na mwenzangu aliyekwisha kwenda mara nne. Alinichorea karatasi ambayo ninayo hadi leo. Ndege za kutoka kwetu hazitui Bayreuth, kwa hiyo ukifika Frankfurt unaifuata stesheni ya treni za masafa marefu, iko palepale uwanjani. Unapanda treni ya kasi, ICE, na kwa muda wa saa mbili na nusu hivi uko Nürnberg. Pale unabadili, unapanda treni ya mkoa, na baada ya kama saa moja unashuka Bayreuth. Kwenye karatasi alipiga mstari mmoja mnyoofu kutoka Nürnberg hadi Bayreuth, na mwisho wake akachora kijinyumba.

Nilipanda, nikapata kiti dirishani, nikatazama misitu na vijiji vyenye mapaa mekundu. Treni ikasimama mji uitwao Pegnitz. Sauti ikatangaza jambo refu kwa Kijerumani, watu kadhaa wakainuka na mabegi yao wakashuka, nami nikawaona kama abiria waliofika kwao. Baadaye nikatoa karatasi yangu kulinganisha majina ya stesheni. Hayakulingana. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mkabala akaitazama tiketi yangu, akatikisa kichwa, akaweka viganja viwili pamoja kisha akavitenganisha taratibu, kimoja huku, kingine kule. Treni ilikuwa imekatwa vipande viwili. Kipande cha Bayreuth kilikuwa kimekwenda zake, nami nilikuwa ndani ya kile cha kuelekea Marktredwitz.

Akanishusha Kirchenlaibach. Sikulala huko, maana kuna reli nyingine inayopita hapo kwenda Bayreuth. Nikangoja na begi langu na kifurushi cha vitabu, nikafika jioni, kikao cha ufunguzi kimekwisha.

Nilipomlaumu mwenzangu, alishangaa kweli. Mara zote nne alikuwa amekaa behewa la sawasawa kwa bahati tu. Hakuwa amejua kwamba treni ile hukatwa. Basi, wewe utakayekwenda, kabla hujakaa soma kibao cha behewa lenyewe, kile cha ubavuni mlangoni. Ubao mkubwa wa stesheni hautoshi. Nauli nayo ina ujanja wake kwa wanaotua München: kuna tiketi ya siku moja iitwayo Bayern-Ticket, ambayo watu hadi watano husafiria treni zote za mkoa ndani ya Bavaria. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, na ukipanda nayo ICE umejitafutia faini.

Malazi yatafute mapema. Kuanzia tarehe 25 Julai hadi mwishoni mwa Agosti ni tamasha la Wagner, na chumba wakati huo ni shida kwa mtu wa posho ya chuo. Angalia pia ukumbi uko wapi kabla hujalipia chumba. Chuo kiko kusini mwa mji, kinafikiwa kwa basi kutoka kituo kikuu wanachokiita ZOH. Lakini mwaka ule nilioenda vikao vilikuwa Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Afrika iliyoanzishwa na Ulli Beier mwaka 1981, na hiyo iko katikati ya mji. Toka stesheni unatembea tu. Mwenzetu aliyepanga karibu na chuo alikuwa akitoka kwa basi kila asubuhi kuja tulikolala sisi.

Jumapili maduka yanafungwa, sikukuu vilevile, na Mei na Juni huko zimejaa sikukuu za kanisa. Siku za kawaida ikifika saa mbili usiku duka limefungwa, ingawa jua bado linakutazama. Maji ya bomba yanywe. Kichwa cha chaja chenye pini tatu za bapa kiache nyumbani, au beba adapta.

Nisijifanye mjuzi. Nami nilipopewa kazi ya kuandika maelekezo ya wageni wa kongamano dogo la Dar es Salaam, niliandika: "Ukumbi wa Nkrumah, Mlimani." Nani asiyejua Mlimani? Asubuhi ya ufunguzi simu ikaita. Profesa wa watu kutoka Nairobi: "Mwalimu, nimefika Mlimani, lakini mbele yangu naona duka la viatu." Dereva alikuwa amempeleka Mlimani City. Siku hizi naandika "Chuo Kikuu cha Dar es Salaam", na kwa mgeni wa umri wangu naongeza kwamba ndio ukumbi uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla haijawa sarafu.

Kijana akaondoka na kurasa tatu nilizomwandikia kwa mkono. Siku ya safari, saa nne usiku kwetu, nikapata ujumbe: "Dada, Pegnitz nimehama behewa. Nimefika." Nikamshukuru Mungu, nikazima taa.

Haikupita robo saa simu ikalia tena. "Dada, nipo mlangoni pa nyumba ya wageni. Pamefungwa, hakuna mtu mapokezi. Ukutani kuna kisanduku cha chuma chenye vitufe vya namba."

Nikakaa kitandani. Kile kisanduku! Ufunguo wa chumba umo ndani yake, na namba za kukifungulia hutumwa mapema.

"Barua pepe yao ya mwisho," nikamwuliza, "uliisoma?"